Mama na Mti Mwekundu

Kwetu Balige, sisi Wabatak, mwanamume asiye na mtoto wa kiume hupigiwa mstari kwenye mti wa ukoo: huyu kaishia hapo. Marehemu baba alipigiwa wake, na sisi mabinti zake watatu tupo, tunakula na kushiba.

Juzi ukoo ulikutana mtandaoni kwenye kongamano la nasaba, tukafundishwa programu mpya ya kuchora mti. Mama akajifunza palepale, akatuingiza sote watatu chini ya Baba.

Baba mkubwa akafoka. Kwetu mwanamke hasemezani na kaka mkubwa wa mumewe ila kupitia mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

"Rotua, mwambie mama yako afute! Wasichana ni wa kwa waume zao."

"Mwambie sifuti ng'o."

"Ona sasa, visanduku vyetu vyote kavigeuza vyekundu!"

Mwalimu akakohoa. Programu, alisema, humpaka nyekundu yeyote asiyeandikiwa mama. Ukoo mzima ulikuwa mwekundu, isipokuwa sisi watatu.

Mama akanisukuma kando, akaikodolea kamera macho.

"Wanangu wana mama, shemeji. Wewe ulizaliwa na nani?"