Mbio Ambazo Sikukimbia

Nilijiona nikikimbia. Nilikuwa nimeketi benchi la tatu kwenye holi ya Waafrika hapa Eldoret, Jumamosi saa tisa mchana, madirisha yote yamezibwa kwa blanketi ili picha ya sinema ionekane. Mke wangu alikuwa kando yangu, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Na kule mbele, kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani, mimi nikatokea mlimani nikiteremka mbio, sufuria kichwani, kuku kwapani, macho yamenitoka. Mwiba ukashika suruali, suruali ikabaki. Nikaendelea na shati.

Holi nzima ilicheka. Walicheka mpaka mtu mmoja akaanguka na benchi. Nilipogeuka kumtazama mke wangu, nilimkuta amejiziba mdomo kwa pembe ya kitambaa, mabega yanaruka.

"Baba watoto," akaniambia, machozi yakimtiririka, "kumbe ulikuwa na mbio namna hii!"

Na ni mimi niliyemleta. Miezi mitatu nilikuwa nikimwambia, ngoja picha ije, kitabu kinaweza kudanganya kwa sababu kimeandikwa na mtu mmoja amekaa chumbani, lakini picha ni kitu cha macho, picha haiwezi kumsingizia mtu. Nilimnunulia hata sabuni ya kunukia ili aende akaone mume wake akisafishwa jina.

Wacha nirudi nyuma, msije mkadhani nalia bure.

Mimi ni mpishi. Shule nilisoma darasa mbili tu kule kwetu magharibi, ya tatu ikanishinda, nikaja Eldoret kufuata kazi za jikoni kama wengi wa kwetu. Nilishika kazi kwa memsahib mmoja mwenye shamba upande wa Chepsaita. Bwana wake alikuwa ameenda kwao Ulaya na hakuonyesha haraka ya kurudi. Memsahib akaanza kukaa verandani akitazama milima ya Cherangani, chai inapoa. Natoa chai, narudisha chai. Asubuhi moja akaniita.

"Mpishi, mimi nataka kwenda mlima. Mimi peke yangu. Wewe tengeneza chakula."

Nikauliza, "Chakula cha mtu mmoja, memsahib?"

"Hapana. Watu kumi na nne."

Hiyo ndiyo ilikuwa peke yake. Wapagazi kumi na mmoja, nyapara wao, mimi, na yeye. Tulibeba hema mbili, meza ya kukunja, viti, gramafoni, na karai la bati la kuogea ambalo lilibebwa na watu wawili wakipokezana matusi. Lori lilitufikisha chini ya mlima, kutoka hapo ni miguu. Nilimpikia kila siku kama nyumbani. Keki nilioka ndani ya debe lililofukiwa makaa, juu kule kwenye baridi, mbele ya mianzi, na ilifura. Mpishi yeyote anayesoma hapa anajua hiyo ni kazi gani.

Siku ya nne, tukiwa tumepiga kambi juu kabisa, jua liko utosini, memsahib akafungua masanduku yote, akatupa nguo nje, akasimama mikono kiunoni.

"Mpishi! Chupa yangu wapi?"

Alikuwa anataka chupa ya mpira, ile ya kutia maji moto na kuweka miguuni ukilala. Ilikuwa imebaki shambani, imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu. Mimi sikuwa mtu wa masanduku, lakini aliniangalia mimi.

"Wewe rudi shamba. Wewe leta chupa. Hapana rudi bila chupa."

Nyapara alikuwa amesimama hapo hapo, kamba ya hema mkononi, karibu kiasi kwamba ningeweza kumkanyaga. Alisikia kila neno. Hata alicheka, akaniambia kwa lugha ya kwetu nikimbie nisije nikamkuta memsahib ameganda.

Siku mbili kushuka na kutembea mpaka shambani. Nikachukua chupa msumarini, nikalala masaa machache, nikageuza. Siku ya nne tangu nitumwe, kwenye mianzi, mvua imenyesha, jiwe likateleza na mguu wangu ukaenda nalo. Nilisikia kifundo kikilia kama kuni. Nilikata mwanzi nikautumia kama mkongojo, nikapanda kwa makalio pale ambapo miguu ilikataa, chupa nimeifunga shingoni kama mtoto mgonjwa. Nilifika kambini siku ya tano, jioni ikiingia. Memsahib alikuwa anasikiliza gramafoni.

"Ah, mpishi. Chupa iko? Mzuri sana. Maji moto, upesi."

Nikachemsha maji. Mguu huo haukuwahi kunyooka tena. Mpaka leo natembea kama mtu anayekanyaga shimo kila hatua ya pili.

Tuliporudi alifunga nyumba, akauza ng'ombe, akaenda Ulaya, na mimi akaniandikia chiti. Wasiojua, chiti ndiyo ilikuwa maisha ya mpishi. Kila mzungu akikuacha anaandika karatasi kusema wewe ni mtu gani, na mzungu mwingine hakuchukui mpaka aisome. Kuna wenzangu walizunguka miaka na chiti inayosema mtu huyu anakula sukari, wameitunza ndani ya kopo safi, wanaitoa kwa mikono miwili, wanashangaa kwa nini wanafukuzwa. Sisi wajanja tulikuwa tunapeleka kwa karani kwanza. Ikiwa nzuri, kopo. Ikiwa mbaya, moto wa jiko, na unasema ilipotea mtoni. Yangu ilikuwa nzuri. Ilisema najua keki.

Nilifanya kazi na hiyo chiti miaka kadhaa, nikaoa, watoto wakaja. Halafu kitabu kikafika.

Nilikijua kwanza jikoni kwa memsahib mmoja wa upande wa Turbo. Nilikuwa nimeenda kujaribiwa. Nikamkaangia mayai na uyoga, akala, akafuta mdomo, akaniuliza nilifanya kazi kwa nani kabla. Nikamtaja yule wa Chepsaita kwa kifua mbele. Alisimama, akaenda kwenye kabati, akatoa kitabu, akafungua, akatazama ukurasa, akanitazama mimi, akatazama mguu wangu, akatazama ukurasa tena.

"Wewe nakimbia," akasema.

"Memsahib?"

"Mlima. Wewe nakimbia, acha memsahib peke yake. Hapana kazi. Kwenda."

Mayai yangu alikuwa ameshamaliza.

Nilienda kwa karani wa duka la mbegu, mtu wa kwaya yetu, ambaye alikuwa na Kiingereza cha kutosha. Akakiazima mahali, akanisomea Jumapili mbili baada ya ibada.

"Anasema hapa alikwenda mlimani kujitafuta," karani akasema.

"Kujitafuta vipi? Sisi tulikuwa naye kila siku. Angeuliza tu."

"Nyamaza, mzee, nisome. Anasema alikuwa peke yake na ukimya."

"Na gramafoni?"

"Gramafoni haimo."

"Karai?"

"Karai halimo. Wapagazi wamo kidogo, wanaimba kwa mbali. Wewe umo." Akafuata mstari kwa kidole. "Anasema alfajiri moja aliamka akakuta mpishi wake, ambaye alimwamini kama ndugu, amekimbia na kuku wa mwisho. Anasema pale ndipo alipolia, na akiisha kulia akajiona yeye ni nani."

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena, nikakimbia tena. Nilimwambia aangalie kurasa za mbele, labda narudi na chupa. Hakuna chupa. Hakuna kurudi. Kuanzia hapo memsahib anakula matunda ya porini, na ukungu unashuka siku tatu, na yeye anazungumza na roho yake. Siku hizo tatu, kwa taarifa yenu, alikula uji wa nyapara na kulalamika kwamba una mabonge.

Nililifikiria sana jambo hili nikikoroga masufuria. Nikaelewa. Mtu hawezi kuandika ameachwa peke yake bila kuwa na mtu wa kumwacha. Wapagazi walikuwa wengi mno, na nyapara alikuwa bado anatakiwa kubeba mizigo kurudi. Aliyekuwa hayupo siku hizo ni mimi. Nafasi ilikuwa yangu.

Lakini angalia ubaya wake. Chiti mbaya nitaichoma. Kitabu nitakichomaje? Kilikuwa kwenye sebule za wazungu wote wa Uasin Gishu, hata Makaburu ambao hawasomi walikuwa nacho. Kila mlango niliobisha, chiti yangu mbaya ilikuwa imefika kabla yangu, ina jalada gumu na picha ya mlima. Na karani, ambaye alinisomea mimi kwa siri, alisomea mji mzima bila kuombwa. Huyo namweka kwenye hesabu ya waliokosa. Jikoni zote zikanifungia mlango. Mimi niliyeoka keki mlimani nikaishia kukoroga uji wa vibarua themanini kwa kasia la mti, kwenye kiwanda cha maganda ya miwati, yale ya dawa ya kulainisha ngozi, na hata hao vibarua, uji ukichelewa, walisema, "Mpishi amekimbia na uji."

Sasa picha. Baada ya miaka mingi wakaja wazungu wageni na mashine zao, wakapiga kambi upande wa Kimumu, kwenye kilima kidogo kati ya mashamba ya ngano, ati hicho ndicho kitakuwa mlima. Wakatangaza wanatafuta watu. Nilichukua ruhusa kiwandani, nikapiga pasi shati, nikaenda kwa bwana wa picha kupitia mtafsiri wake.

"Mwambie yule mpishi wa kitabuni ni mimi mwenyewe. Hana haja ya kutafuta mwingine."

Bwana akafurahi sana, akanishika mkono, akaniambia nitembee mpaka kwenye mti na kurudi. Nikatembea. Akaongea na mtafsiri.

"Anasema samahani, mzee. Mpishi lazima akimbie. Wewe una mguu."

"Mguu huu niliupata kwa safari hiyo hiyo! Mwambie!"

Akamwambia. Bwana akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema ni habari ya kusikitisha, lakini mpishi lazima akimbie. Wakamchukua fundi wa baiskeli, winga wa mpira, mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata yai. Yeye simlaumu. Nilijifariji kwamba labda kwenye picha zitakuwa mbio za kufuata chupa. Mimi wakanipa kazi ya kuchoma nyasi mbichi nyuma ya kilima kutengeneza ukungu. Mkiona ile picha, pale memsahib anapojikuta yeye ni nani, ule ukungu ni mimi nikikohoa.

Na memsahib alikuwepo. Alirudi kutazama kitabu chake kikichezwa, nywele nyeupe, amekalia kiti chini ya mwavuli. Nilimwendea na macho mekundu ya moshi. Alinitambua! Akasimama, akanishika mikono yote miwili.

"Mpishi! Keki mzuri sana, mimi nakumbuka." Halafu uso wake ukaingia huzuni, akasema polepole, kama mtu aliyengoja miaka kuuliza: "Kwa nini wewe nakimbia?"

Nilimtazama machoni nikitafuta uongo, sikuuona. Alikuwa amekisoma kitabu chake mwenyewe mpaka akakiamini. Nilimwambia habari ya chupa. Akanipigapiga begani. "Mimi nasamehe wewe," akasema.

Mimi nimesamehewa. Mjue hivyo.

Mkiniuliza sasa kipi ni kibaya zaidi, kitabu au picha, nitasema kitabu kilikuwa na adabu kidogo. Kitabuni nakimbia alfajiri mtu hajaamka, suruali yangu ninayo. Memsahib wa kitabuni analia, kamasi zinamtoka, na hiyo angalau ni kweli, alikuwa na mafua. Kwenye picha halii, nywele hazitibuki, anajichomea swala peke yake, na anatokea bwana mmoja juu ya farasi ambaye hata kitabuni hayumo, anamvusha mto mikononi. Mto huo nilimvusha mimi, mgongoni, na alikuwa mzito kwa keki zangu. Kitabu kiliniondolea kazi kwa wazungu. Picha ilinichukulia watu wangu, maana kitabu mke wangu alisimuliwa tu na alikataa kuamini. Picha ameiona kwa macho.

Na katika picha nyapara ni nani? Ni yeye mwenyewe! Walimpa nafasi yake mwenyewe, na suti, na anasimama nyuma yangu nikikimbia akitikisa ngumi. Nilimngoja nje ya holi.

"Ulisikia nikitumwa," nikamwambia. "Ulikuwa umeshika kamba."

"Mzee, ni mchezo tu," akasema, akiangalia kola ya suti. "Waliniambia tikisa ngumi, nikatikisa."

Memsahib amerudi Ulaya, na aliyejisahau mwenyewe siwezi kumdai kumbukumbu. Bwana wa picha sijui aliko. Lakini wewe nyapara uko hapa hapa Eldoret. Kiswahili unasoma, kwa hiyo haya niliyoandika yatakufikia, na wewe ndiye mzee wa kanisa unayesimama kila Jumapili kutoa matangazo ya ndoa na ya mavuno. Sitaki suti yako, wala senti uliyolipwa. Mke wangu anakaa upande wa akina mama, safu ya nne, kando ya nguzo. Jumapili hii ukimaliza matangazo usikae. Mtazame yeye, useme mbele ya watu wote kwamba nilitumwa, kwamba ulisikia, na kwamba nilirudi. Ukishindwa, basi mimi nitasimama nikuulize kwa nini, na utanijibu hapo hapo.