Mume wangu alikosea kipimo, mamdogo ndiye anayeitwa kikaoni

Admin, nifichie jina, na mtaa usiutaje zaidi ya kusema nipo London upande wa Barking, maana Watanzania wa huku tunajuana mpaka rangi za makoti. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Mume wangu anatengeneza programu za kompyuta, na viza ya familia nzima imeegemea kazi yake. Mimi nilisomea mambo hayohayo ila kwa sasa nalea. Kama wewe ni wa kukimbilia "achana naye", pita kushoto, silo ninalouliza.

Mamdogo wangu ndiye aliyenilea mama alipofariki, kisha akatangulia huku, akanisomesha kwa mshahara wa kuogesha wazee wa watu. Anaishi Kilburn, anafanya kazi kwenye kea homu, nyumba ya kutunzia wazee. Jioni anagawa dawa kwa kufuata orodha iliyo kwenye kompyuta ya kazini, na hiyo programu inatengenezwa ofisini kwa mume wangu. Siku tuliyogundua tulicheka sana. Macho ya mamdogo yameanza kuchoka, kwa hiyo Krismasi alipokuja kwetu nilimwelekeza jinsi ya kukuza maandishi kwenye akaunti yake ya hiyo programu. Alinibariki kweli.

Mwezi uliopita babu mmoja wa chumba cha mwisho alikosa dawa ya moyo jioni kadhaa mfululizo, zote shifti za mamdogo. Akaanguka, akalazwa. Yupo hai, namshukuru Mungu, lakini mamdogo kasimamishwa kazi, wanasema ni uzembe. Mamdogo mzembe! Mwanamke anayeosha vyombo wageni hawajamaliza kula. Alinipigia analia, akasema aliishusha orodha mpaka kile kijiti cha pembeni kikagota chini, na jina la babu hakuliona. Alidhani daktari kasitisha dawa, maana ikisitishwa jina huondolewa, na kwao haruhusiwi mtu kutoa dawa ambayo haipo kwenye orodha. Meneja akamwuliza mbona wenzake wanaliona. Sasa mamdogo ananiambia labda ni uzee.

Mimi lile neno kugota halikunitoka kichwani. Nikamwomba mume wangu aifungue programu kwenye laptopu yake, nikakuza maandishi vilevile nilivyomfundisha mamdogo. Kwa wasiojua, ule mstari wa pembeni mwa skrini mnaoshusha na kupandisha una sehemu zake: vishale huku na huku, kijiti cha kushika, na unene wake. Mtengenezaji anatakiwa aiulize kompyuta kila sehemu ina ukubwa gani, kisha ule unene autoe kwenye nafasi ya maandishi, ndipo ajue orodha itaonekana mpaka wapi. Maandishi yakikua, orodha inapanuka, na mstari mwingine wa aina hiyo unatokea chini, umelala. Huo wa chini mume wangu hakuupima. Kwa hiyo ulikuwa umelalia jina la mwisho, umelifunika kabisa, na kijiti cha pembeni kinakuonyesha umefika mwisho. Tuliona wote wawili.

Nilidhani atashika simu awapigie ofisini. Akafunga laptopu, akaenda kulala bila kula. Kesho yake akaniambia kasharekebisha, toleo jipya linawekwa wiki hii, hakuna mzee mwingine atakayeumia. Ile sehemu aliiandika yeye peke yake. "Nikisema nafukuzwa, na nikifukuzwa tunarudi wote. Mamdogo ana karatasi zake za kuishi huku, atapata kazi nyingine." Nikamwuliza nani atamwajiri mtu aliyeandikwa kwamba alimnyima mzee dawa. Akasema nisimtie presha.

Si mtu mbaya, hilo nalisema mbele ya Mungu. Anaogopa. Na mimi naogopa, tena sana, mtoto ndiyo kwanza kaanza shule na kwetu hatukuacha hata chumba. Lakini nikimkumbuka mamdogo alivyokuwa akinifungia hela ya daftari kwenye kanga huku yeye amevaa viatu vya kiraka, najiuliza, hizi si ndizo fadhila za punda? Na hilo toleo jipya likishawekwa, hata wakikuza maandishi watamkuta babu yupo kwenye orodha, na mamdogo ataonekana mzembe na mwongo juu yake. Tangu siku hiyo mimi na mume wangu tunaongea habari za chakula na mtoto tu.

Jana mamdogo kanipigia tena. Kikao cha kesi yake kazini ni Alhamisi. Kiingereza cha kazini anacho, ila mbele ya wakubwa ulimi unamganda, na tangu nifike nchi hii mambo yake yote ya ofisi na hospitali namtafsiria mimi. Wamemruhusu aje na mtu wake, akanitaja mimi, angemtaja nani tena? Na kashaamua atakachosema. "Mwanangu, we waambie tu nilikuwa nimechoka na macho yangu mabaya, naomba radhi. Hawa watu wanapenda mtu anayekiri, huenda wakanihurumia." Nikamwambia sawa, mama. Nilisema sawa! Nikakata simu, nikaenda kulia bafuni, nimefungulia bomba ili mume wangu asinisikie.

Ndugu zangu mliopitia makubwa kuliko haya, semeni na mimi kama mnasema na mdogo wenu. Alhamisi mamdogo atakaa pembeni yangu, atasema kwa Kiswahili kwamba kosa ni lake. Akimaliza, wale wakubwa wote watanigeukia mimi, wakisubiri niwaambie kasemaje. Nitawaambia nini?