Land Rover ya Marehemu Baba Iliyokataa Kuzimika

Ufunguo alikuwa nao shangazi, kaushika mkononi. Gari halina mtu ndani. Na injini inanguruma.

Wadau, haya yalinikuta mie mwenyewe, Kimara, mwaka 1976.

Shangazi Kokushubila alikuwa ametoka Bukoba na baba mdogo, Theonest. Matanga ya baba yalikuwa yamekwisha majuzi tu. Ukoo ulishakata shauri: Land Rover iende Bukoba. Mama naye aende, akarithiwe na baba mdogo. Mimi niache chuo.

"Mjane hakai mjini bila mwenyewe," shangazi alimwambia mama. "Auleria, funga mizigo. Kesho tunaondoka."

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuuchambua, ingawa ulishakuwa safi.

Ile gari ndiyo ilikuwa inatulisha. Mama aliwabebea mafundi wa Keko vitanda na makabati. Ikienda, hana cha kumbakiza Dar.

Nilitaka kusema kitu. Nikaishia kuwaongezea chai. Mie ndiye yule msichana anayepunjwa sukari dukani, halafu anasema asante.

Baba mdogo akapanda kuijaribu. Ikawaka hapo hapo.

Zamani tuliisukuma kila asubuhi, mtaa mzima unatucheka. Ndipo mimi na baba tukang'oa dainamo la zamani, tukafunga altaneta, mashine ya kuchaji betri, kutoka gari bovu na kupitisha waya mpya, mnene, hadi kwenye betri.

Ishu ilibaki moja. Kitaa kidogo cha chaji pale mbele ya dereva kiliungua, na miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse balbu ya gari. Baba akaunga waya moja kwa moja, bila taa. Basi altaneta ikawa inarudisha umeme kwenye injini, nayo inaendelea hata ukichomoa ufunguo. Sie tulishazoea: unaingiza gia, unakanyaga breki, unaachia klachi. Inakabwa, inazimika.

Wageni hatukuwaambia.

Baba mdogo akachomoa ufunguo, akashuka, akampa shangazi.

Ngrrrr.

"Theonest, zima hiyo gari!"

"Nimeshazima, dada. Ufunguo si huo hapo?"

Shangazi akautazama. "Waitu! Sasa inaendeshwa na nani?"

Baba mdogo akavua kofia taratibu. "Labda mwenyewe hajaridhika."

"Marehemu aliipenda hiyo gari kuliko pilau," akadakia jirani yetu, Mwanakombo, kutoka ng'ambo ya ua, majirani wengine wameshajaa nyuma yake.

"Nyamaza wewe!" shangazi akamkemea, akanigeukia mimi. "Genoveva! Si unasomea umeme? Njoo useme hiki ni kitu gani!"

Macho yote kwangu.

Nikisema "waya", kesho mama yuko safarini. Nikinyamaza, nimemgeuza baba yangu mzimu mbele ya watu waliomzika kwa heshima.

Mama aliacha mchele.

"Sijui, shangazi."

"Dada," baba mdogo akasema, "kama marehemu hataki gari iondoke, unadhani atakubali mkewe aondoke?"

Shangazi akautupa ufunguo kama kaa la moto. "Wabaki nayo! Na huyo mwanamke abaki! Mimi sitaki kufuatwa mpaka Bukoba!" Akaingia ndani kufunga mizigo yake mwenyewe.

Majirani wakatawanyika. Mie nikawa nalia.

Baba mdogo akapanda garini. Akaingiza gia. Akakanyaga breki. Akaachia klachi.

Kimya.

Nikajifuta machozi, nikamsogelea. "Baba mdogo... ulijua?"

"Hizi nilizitengeneza jeshini. Nilifungua boneti asubuhi mkiwa kanisani, nikauona waya wenu." Akashuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Nyumbani nina mke, nampenda. Wazee wakasema nimrithi mama yako. Ningekataa kwa mdomo wangu, nisingekuwa na ukoo."

"Na mimi ningesema ukweli je?"

"Ndiyo maana jasho lilinitoka." Akacheka kidogo. "Mtoto mwenye aibu hivyo, kumbe unadanganya bila kupepesa! Nilikuogopa wewe kuliko mzimu."

Siku zote nilidhani sie ndio tuliofungiwa, na yeye ndiye mwenye ufunguo.

Aliyetumwa kukufungia mlango, mtazame vizuri usoni. Huenda naye yuko ndani.