Meza Iliyovishwa Kama Bibi Harusi

Huyu ni Mama Meza, mdogo wangu wa tumbo moja: binti wa seremala aliyeunda milango isiyolia, mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima, na mdogo wangu mimi niliyemaliza darasa la saba nikiwa wa tatu kati ya arobaini. Ukoo wetu hausahau kitu.

Miaka kumi na tano alifagia shule ya lugha, chumba cha kwanza Kijerumani, cha pili Kiindonesia. Vumbi likatoka, maneno yakaingia. Mwalimu wa vyumba vyote viwili alipohama ghafla, mdogo wangu akamwendea mkurugenzi. "Nipe mimi."

Mkurugenzi akacheka mpaka akavua miwani. "Haya. Ijumaa nakuja kuwapima wanafunzi. Wakishindwa, nafunga madarasa, unarudi kwenye ufagio."

Nilikwenda kujionea: wanafunzi kumi na wawili, meza moja, ndoo yake ya kudekia, kofia tatu na vitambaa viwili. Jamani! Kiindonesia, alisema, meza yao wanaiita meja, nayo haibadiliki. Ndoo ikitulia juu yake ni "di atas meja". Ikipelekwa juu, "ke atas meja". Ikitolewa, "dari atas meja". Kila neno lilikuwa na kofia yake, na mwanafunzi aliyebeba ndoo akawa anavua na kuvaa kama mwendawazimu.

Lakini Mjerumani! "Auf" yake, yaani "juu ya", ni ileile, ndoo itulie au ije; anayebadilika ni meza maskini, Tisch, kwa kineno kinachoitangulia. Ndoo imetulia: "auf dem Tisch", kitambaa cha bluu. Ndoo inakuja: "auf den Tisch", mbio, chekundu!

"Mwalimu, tunavisha meza au bibi harusi?" akauliza Polepole, muuguzi aliyekuwa wa mwisho kuelewa kila kitu.

"Vyote viwili, mwanangu. Mjerumani hapokei mgeni na nguo za nyumbani."

Ijumaa, nami nimekaa karibu na meza, mkurugenzi akaingia, uso kama jiwe, akaitazama ndoo ikizungushwa kwa lugha zote mbili. "Ndoo mmeikariri. Mimi je, kwa Kijerumani?" Akavua viatu, akaanza kupanda mezani.

"Auf den Tisch!" wakapiga kelele wote kumi na wawili, wakatandika chekundu chini ya miguu yake. Akasimama wima. "Auf dem Tisch!" Wakakivuta chekundu ili waweke bluu, mzee akayumba kama mlevi, akanishika kichwa. Nilicheka mpaka kilemba kikanitoka.

Alipotulia, akatabasamu kwa ujanja. "Sasa nashuka. Natembea, sivyo?"

Mikono yote ikarukia chekundu. Mdogo wangu akafumba macho.

"Acheni!" Polepole akakalia kitambaa chekundu. "Kutoka ni 'von', na 'von' haijali mwendo. Von dem Tisch! Bluu, siku zote bluu!"

Mkurugenzi akashuka taratibu, akatafuta viatu vyake. "Madarasa ni yako, Mwalimu," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale, hata harusi yangu haikuvipata. Mdogo wangu akafuta machozi, akamshika Polepole bega.

"Jumatatu anakuja mwanafunzi mpya. Utamfundisha wewe."

"Mimi? Mama, mimi niliyechelewa kuliko wote?"

"Ndiyo maana. Hawa wepesi wameshasahau palipouma. Saa mbili kamili, na usimcheke akikosea."