Modemu ya Milimani

Haki sasa imefikishwa hadi sebuleni kwa mwananchi. Hivyo ndivyo alivyotangaza afisa mmoja wa ngazi za juu, akiwa amefunga tai, mbele ya maikrofoni nyingi. Kesi zitasikizwa kwa mtandao, na hakuna Mkenya atakayelazimika tena kuacha ng'ombe wake na kwenda kukalia benchi mjini. Jamleck Karanja wa Subukia, ambaye kweli alikuwa na ng'ombe na kweli alikuwa na kesi, alisikia tangazo hilo redioni akapoteza hamu ya chai.

Kesi yenyewe ilihusu njia. Jirani yake wa juu kilimani, mjane aitwaye Trizah, alikuwa ametia kufuli lango ambalo Jamleck alipitishia maziwa yake tangu zamani. Sasa maziwa yalizungukia mtoni na kufika kwa wanunuzi yameshaanza kuganda. Wakili alikuwa amemwambia maneno machache tu: "Alhamisi asubuhi uonekane kwa skrini. Usipoonekana, kesi inatupwa."

Jumanne akashuka Nakuru kutafuta modemu.

"Niaje mzee," akasema Adongo, mwenye duka. "Modemu ni ya kutumia wapi?"

Jamleck aliamini kwamba mfanyabiashara akisikia mtu ametoka shamba humtolea bidhaa zilizokataliwa na wengine. Akanyoosha shingo, akataja mtaa wa matajiri mjini humo.

"Milimani."

Adongo akatazama gambuti za mteja wake zenye matope, akatazama gunia alilolikunja kwapani. "Basi chukua hii kubwa ya kuchomeka kwa stima. Milimani neti ni ya kumwaga. Ungekuwa mtu wa mabondeni ningekupea hii ndogo ya betri, unatembea nayo ukitafuta mahali inashika. Lakini wewe ni wa Milimani."

Jamleck aliiangalia ile ndogo ya betri kama mtu anayeangalia gari lake likiondoka. Kurudi nyuma hakungewezekana. Akabeba kubwa.

Jumatano alitia laini ndani, akafuata maagizo, akaunganisha tarakilishi aliyoachiwa na bintiye Lynn, kisha simu yake, kisha simu ya mkewe Wangu. Ilipofika zamu ya kuchagua neno la siri, alikumbuka Adongo alimshauri aweke kitu ambacho hawezi kusahau. Akaweka. Kazi ilikwenda vizuri mno. Kila kifaa ndani ya nyumba kiliongea na mwenzake, na hakuna hata kimoja kilichoongea na dunia.

"Baba Lynn, hiyo taa nyekundu ni ya nini?" akauliza Wangu.

"Ni ya kuonyesha iko macho."

Yeye mwenyewe pia alikaa macho.

Alhamisi, umande haujakauka, alibeba modemu akapanda kilima hadi pale simu ilipokubali, akampigia Adongo.

"Boss, mimi niko Subukia."

"Nilijua, mzee. Watu wa Milimani hawaji na gunia. Sasa sikia, tafuta mahali pa juu penye stima."

Jamleck akageuka. Mahali pa juu penye stima ilikuwa nyumba moja tu, nyuma ya lango lenye kufuli. Trizah alikuwa tayari amesimama hapo, simu imeinuliwa juu ya kichwa.

"Mama Abby," akamwambia Trizah, "naomba soketi."

"Unaniomba stima ndio unishtaki vizuri?"

"Nusu saa tu."

"Nikikunyima, kesi yako inakufa?"

Jamleck aliitazama modemu aliyoikumbatia. "Inakufa."

Trizah akashusha simu yake. Tangu alfajiri picha ilikuwa ikiganda, na wakili wake naye alikuwa amemtisha: asipoonekana, uamuzi utatolewa bila yeye. Kisha akatoa ufunguo.

"Ingia. Lakini na mimi natumia hiyo waifai yako."

Sebuleni, taa nyekundu ikawa kijani. Trizah akashika simu. "Paswadi?"

Jamleck akatazama dari.

"Baba Lynn, paswadi. Hakimu anaingia."

"Ni... 'TrizahFunguaNjia'. Bila nafasi katikati."

Trizah akaiandika polepole, herufi baada ya herufi. "Mtu mzima wewe," akasema, akahamia kiti cha upande wa pili.

Hakimu alitokea, akavaa miwani. "Mlalamishi, uko wapi?"

"Sebuleni, Mheshimiwa."

"Mlalamikiwa?"

"Sebuleni, Mheshimiwa."

Sauti ya kila mmoja ilirudi kupitia kifaa cha mwenzake. Hakimu alitazama vitambaa vya waridi vilivyofumwa, vikiwa nyuma ya vichwa vyote viwili.

"Sebule ya nani?"

"Ya... ya Mama Abby," akasema Jamleck.

"Na umefikaje huko, bwana Karanja, ikiwa njia imefungwa?"

Wakili wa Jamleck akazima kamera yake.

Kesi haikutupwa. Hakimu aliagiza kwamba kikao kijacho pande zote mbili zifike mjini zenyewe, asubuhi na mapema.