Koti la Kompyuta

Kinyozi hajinyoi, na Fundi Waya alikuwa kinyozi wa aina hiyo. Kutwa anafufua kompyuta za watu, akirudi nyumbani anaikuta ya mkewe iko hoi kuliko yeye. Asubuhi ile hakwenda bandani kwake. Aliketi kwenye kigoda chumba cha mbele, ambacho mkewe na shemeji yake walikigeuza karakana ya kudarizi, macho yamemwiva, mgongo unamuuma, na kioo mbele yake cheusi tii.

Mwenye kosa alikuwa yeye, na kila mtu mle ndani alijua ingawa hakuna aliyetamka. Kompyuta ile ilikuwa na Windows. Wateja walileta michoro yao kwenye flashi, na kila flashi ilikuja na virusi vyake, kama mgeni anayekuja na kunguni kwenye mkoba. Fundi Waya akachoka kuisafisha. Akaifuta yote, akaweka Linux, mfumo ambao virusi hivyo haviuwezi. Programu ya kudarizi ilitengenezwa kwa ajili ya Windows tu, kwa hiyo akaweka na Wine, ile programu ya kati inayoiwezesha nyingine kufanya kazi ugenini kana kwamba iko kwao. Ikafunguka. Ila pale mishono inapochorwa palikuwa panapepesa: jani linatokea, jani linapotea. Akasema kinachokosekana ni nguvu ya picha. Akang'oa kadi ya picha kwenye kompyuta moja iliyokufa bandani, akaichomeka, akaiwekea dreva, programu ya kuiendesha, maana kadi bila dreva ni mzigo tu. Alipowasha upya, kioo kikawa giza. Akiiondoa dreva, picha inarudi na kupepesa kwake. Akiirudisha, giza.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa pembeni akipanga nyuzi. Akamuuliza kama huyo dereva wake ana leseni kweli. Siku nyingine angemrudishia, maana utani wao haukuwahi kupata mshindi. Leo aliwasha upya tu.

Mkewe hakutania. Jioni kiongozi wa kwaya angekuja kuchukua kola za majoho, na nakshi ya kola hizo, mzabibu unaotambaa kutoka bega hadi bega, mashine ya kudarizi haikuweza kuisoma mpaka programu ile iigeuze kuwa mishono. Pale jirani mwenye programu kama hiyo alikuwa mmoja tu, fundi wa mtaa wa pili waliyembandika jina Kopi. Ukimpelekea nakshi akugeuzie, anakugeuzia na tabasamu juu, kisha baada ya muda unaikuta kwenye mabega ya watu usiowajua. Na mzabibu ule mkewe aliuchora jani kwa jani, hakuna mawili yaliyofanana.

"Baba Pacha," mkewe alisema, "niambie ukweli. Itafunguka au haifunguki?"

"Nipe muda kidogo, mama."

"Muda unao wewe. Mimi nina kola."

Akajaribu dreva ya zamani zaidi. Giza lilelile. Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameshajitupia mtandio begani, flashi yenye nakshi kiganjani, anatoka. Hakufunga mlango kwa kishindo. Afadhali angefunga.

Basi, akasema moyoni, niing'oe kadi yenyewe, tubaki na kupepesa kwetu. Ili aing'oe ilibidi kwanza aivue kompyuta koti. Mkewe alikuwa ameishonea koti la kitambaa kizito, lenye wavu mbele ya feni, kwa sababu ya vumbi la nyuzi. Nyuma alilitoboa matundu: la waya wa umeme, la panya, la kioo, yote yamepindwa vizuri kama ya vifungo vya shati. Fundi Waya akalivuta koti juu, akasimama hivyohivyo, nguo mkononi.

Mdomo wa kadi, pale unapochomekwa waya wa kioo, ulikuwa umefunikwa na koti. Mle kwenye koti haukuwa na tundu, kwani koti lilishonwa kabla kadi haijaja. Siku ile ya kuchomeka, alilishusha koti na mkono wake ukapitisha kila waya kwenye tundu lake kwa mazoea, na waya wa kioo ukaingia mdomo wa zamani. Dreva ilikuwa inapeleka picha kwenye kadi muda wote, na upande wa pili hapakuwa na mpokeaji. Wateja humletea kosa hilo mara kwa mara, naye huwacheka mpaka wanaona haya.

Hakucheka. Shemeji yake alikuja akachungulia, akaelewa, akampa mkasi. Wakalitoboa koti, wakahamisha waya. Mzabibu ukajaa kioo kizima, umetulia.

Akampigia mkewe. Simu ikalia palepale chini ya vitambaa.

Akatoka mbio kuelekea kwa Kopi. Alimkuta kwenye kona, anarudi, mwendo wake wa taratibu.

"Imefunguka," alisema akihema.

"Ilikuwa nini?"

Angeweza kuisingizia dreva, na nani angebisha. "Nilichomeka waya pasipo pake."

"Leo Kopi hakuwa na foleni," mkewe alisema. "Ameshaigeuza, na kwenye kompyuta yake imebaki. Nimeona kwa macho yangu."

Wakarudi nyumbani. Ndani, shemeji aliinyooshea mkono ile flashi ili aanze kudarizi, lakini dada yake aliiweka mezani, akavuta kigoda, akauangalia mzabibu. Ulikuwa na majani matupu. Jua lilikuwa limeshapita dirisha, na kola hazijaguswa hata moja. Akashika panya.

"Wateja wa Kopi wavae majani," alisema. "Hawa wa kwaya nitawawekea zabibu."

Fundi Waya alisimama nyuma yake, miguu inawaka moto, akikilinda kioo kwa macho kisije kikazima.