Pikapu Aliyoivunja Shemeji

Jua bado halijapanda sawasawa, lakini nyundo imeshaanza kulia nyuma ya jiko. Mwanamke aliyevaa ovaroli ya mumewe amepiga magoti mbele ya pikapu isiyo na bampa. Anagonga madigadi, anarudi nyuma kuitazama, anasonya, anagonga tena.

“Hii imetoka kwenye gari jingine,” anasema bila kugeuka. “Haitaki kukaa. Lakini itakaa tu.”

Sokoni wanamwita Dada Dereva. Kwa miaka tisa amewabebea wachuuzi vitunguu na viazi kutoka mashambani, kwa pikapu aliyoinunua kuukuu kwa jasho lake mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka alilazwa kwa malaria. Akiwa hospitalini, mdogo wa mumewe alichukua ufunguo, akaenda kuwatembeza rafiki zake akiwa amelewa. Pikapu ikavaa ukingo wa daraja. Boneti ikakunjika, rejeta ikapasuka, taa zote mbili zikasagika. Shemeji mwenyewe alitoka na mkwaruzo tu kwenye paji la uso.

“Nimerudi nyumbani nashikiliwa mkono, nakuta gari langu limelala uani kama mzoga,” anasimulia. “Mama mkwe yuko jikoni anachemsha supu ya kuku. Nikadhani yangu. Kumbe ya mwanawe, eti amepata mshtuko.”

Kikao cha familia kilikuwa kifupi: tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa, yaishe. Mumewe, ambaye ni mlinzi wa ghala, alitazama sakafu mpaka watu wakaondoka.

“Gari halikutajwa. Mimi nilipewa pole. Pole haiwashi gari.”

Fundi wa gereji alipomtajia gharama, aliaga akaondoka. Akauza makochi na kabati la vyombo. Sebuleni sasa kuna viti viwili vya plastiki.

“Wageni wamepungua. Hiyo nayo ni nafuu,” anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kila alipopata chochote kwa kuwafulia watu nguo, alikwenda kwenye yadi ya magari chakavu. Mlango wa kijani aliung’oa kwenye gari lililoungua upande wa nyuma. Boneti ya bluu ilitoka kwenye jingine lililopinduka. Rejeta ya kwanza aliirudisha kwa sababu ilivuja. Ya pili nayo ikavuja; ya tatu ndiyo iliyoshika maji. Fremu iliyopinda alimwitia fundi wa kuchomelea, maana kazi ya moto, anakiri, haiwezi. Mengine alijifunza barabarani: ukiharibikiwa katikati ya mashamba, hakuna wa kumwita.

Muda wote huo shemeji yake alikuwa akipita hapo uani kwenda kuoga, taulo begani.

“Shemeji, kazi nzuri!”

Hakuwahi kushika hata spana.

Ijumaa iliyopita injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikatulia ikinguruma. Majirani wakapiga makofi. Mumewe akatoka ndani, akamvuta pembeni.

“Mke wangu, mdogo wangu hana kazi. Gari si limepona? Aendeshe yeye, wewe upumzike. Umeteseka sana.”

“Nimeteseka, halafu nimkabidhi yeye?”

“Mbona una roho ngumu hivyo? Yule ni ndugu yetu.”

Dada Dereva alimpa mgongo. Alizima injini, akafungua betri, akaikumbatia mpaka chumbani, akaisukuma chini ya kitanda, upande anaolala yeye. Tangu siku hiyo, kila jioni anaiingiza ndani, kila asubuhi anaitoa. Ni nzito. Mumewe humpisha mlangoni.

Mama mkwe hamsalimii tena. Shemeji anawaambia majirani kwamba amezibiwa riziki na mke wa kaka yake.

“Mbaya nimekuwa mimi,” anasema. “Sawa.”

Bampa bado hajapata, na wateja wengi wamehamia kwenye magari mengine. Ila mchuuzi mmoja wa vitunguu amemwambia aje Jumatatu, atampa nusu mzigo, amjaribu kwanza.

“Miaka tisa nimembebea, leo ananijaribu.” Anafuta mikono kwenye ovaroli. “Na anijaribu. Mzigo wake utafika. Wateja wangu wakisharudi, nitapanga chumba karibu na soko, chenye mahali pa kuegesha gari. Mume wangu akitaka kunifuata, aje. Ila aje peke yake.”